Rangi Iliyofika Kisimani

Jirani yetu, tunayemwita Redio, anadai kwamba asubuhi ile alichota maji kisimani, akamnawisha mjukuu wake uso, na mtoto akaota ndevu za buluu papo hapo. Anadai pia kwamba ndoo ilikuwa inatoa moshi. Ukiondoa ndevu na moshi, yaliyobaki ni kweli. Maji ya kisima chetu, kinachotegemewa na nyumba ishirini, yalikuwa yameingia ubuluu.

Hakuna aliyeuliza ubuluu umetoka wapi. Nyumbani kwetu tunatia rangi vitambaa. Mama alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Nami nilipomaliza darasa la saba niliingia naye bandani, na kucha zangu hazijatakata tangu hapo.

Maji machafu ya rangi tulikuwa tunayamwaga kwenye shimo nyuma ya banda. Shimo lilikuwa linajaa upesi na kunuka. Basi mjomba, kaka yake mama, akaamua kulikomesha. Alichimba wiki nzima, mpaka tukawa tunamsikia bila kumwona. Tangu siku hiyo shimo halikujaa tena. Ukimwaga pipa zima, baada ya muda mfupi hamna kitu.

"Mnaona?" mjomba alijisifu kila siku. "Shimo langu linakunywa kuliko ngamia!"

Redio alikuja uani na ndoo yake kichwani.

"Mama wee, hebu onja mwenyewe!" alimwambia mama. "Onja kazi ya mikono yako!"

Mama hakuonja. Aliitazama ile ndoo, kisha akakaa chini.

Baada ya siku mbili kisima kilifungwa, nasi tukaletewa barua ya manispaa. Tulipewa wiki sita. Tukishindwa kuzuia maji yetu machafu, banda litafungwa. Mama hana kazi nyingine. Mimi pia sina.

Aliyeleta barua alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa mabuti ya mpira. Alisema yeye ni fundi wa mazingira.

Mjomba akacheka. "Mazingira nayo yana fundi? Anatumia spana namba ngapi?"

"Leo natumia kamba, kaka," akajibu. Alifunga jiwe kwenye kamba, akaliteremsha shimoni, akapima. Kisha akaenda kisimani, akapima vilevile.

"Maji ya kisima yako mita saba chini," alisema. "Shimo lako lina mita sita. Tena liko upande wa juu, hatua thelathini tu kutoka kisimani. Halikunywa kitu, kaka. Lilikuwa linapitisha."

"Lakini udongo si unachuja?" nikauliza.

"Unachuja kidogo, ukiwa mwingi kati ya uchafu na maji. Hapa umebaki mita moja. Na hiyo kostiki, dawa kali mnayochanganya na rangi, ikishayeyuka hata udongo mwingi hauizuii."

Mjomba alivua kofia. "Kwa hiyo nimewatilia rangi mtaa mzima," alisema polepole. Siku hiyo hakutania tena.

Fundi alituambia tusimwage tena hata kopo moja shimoni. Kisha akatutaka tupunguze maji machafu yenyewe. Maji ya suuza ya mwisho huwa karibu safi, kwa hiyo tuyaweke yawe ya suuza ya kwanza kesho yake. Kwa hilo peke yake mapipa sita ya uchafu yakawa matatu.

Hayo matatu ndiyo ya kusafisha. Tulivaa glavu na miwani, kama fundi alivyotuelekeza. Tulikoroga sana ili hewa iingie, kwa sababu rangi yetu ikipata hewa hugeuka punje ndogo. Halafu tukatia shabu, ile ya kutakasia maji. Shabu hupunguza ukali wa kostiki na kuzigandisha punje ziwe mabonge, yazame.

Mara ya kwanza mama alimwaga bakuli zima la shabu. Maji yakabaki tope la buluu.

"Imekataa," mama alisema. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Mimi nilichukua chupa tano za kioo. Nikajaza kila moja maji machafu yaleyale. Ya kwanza nikatia kijiko kimoja cha maji ya shabu, ya pili viwili, hivyo hivyo mpaka tano. Nikatikisa, nikakaa nikizitazama. Mjomba alipita mara tatu.

"Unalinda chupa zisikimbie?"

"Subiri, mjomba."

Chupa ya tatu ilianza. Yalitokea manyoya madogo ya buluu, yakashikana, yakashuka. Juu pakabaki maji meupe. Nilichovya karatasi ya kupima ukali aliyotuachia fundi. Ilionyesha maji hayana ukali tena.

"Mama! Njoo uone!"

Mama alikuja mbio na glavu zake. Alipoona, alipiga kigelegele mpaka Redio akachungulia ukutani.

Tulipima pipa kwa kipimo cha chupa ya tatu, likakubali. Maji tukayapitisha kwenye pipa la mchanga na mkaa. Si ya kunywa, ila tunayatumia kulowekea vitambaa vipya. Tope tunalikausha kwenye sakafu ya saruji chini ya paa, tunalifungia kwenye ndoo, na gari la manispaa hulipeleka kwenye dampo la taka za sumu. Mjomba alisaidia kuondoa udongo wote uliolowa rangi, akafukia shimo lake kwa udongo wa mfinyanzi.

Wiki ya sita tukapata kibali. Banda halikufungwa hata siku moja.

Kisima kilichukua miezi mitano. Kilivutwa maji mara nyingi, kikapimwa mpaka kikafaulu mara tatu mfululizo. Siku ya kufunguliwa mtaa ulijaa ndoo. Mama ndiye aliyeombwa achote ya kwanza. Alikunywa mbele ya watu wote, nao wakapiga makofi.

Fundi alinivuta pembeni.

"Zile chupa tano, ulifundishwa na nani?"

"Hakuna. Nilitaka kujua tu."

"Hivyo ndivyo tunavyofanya maabarani." Akapangusa buti lake. "Kando ya mto kuna mabanda tisa ya rangi. Jumamosi nawakusanya wenye mabanda hayo. Mimi watanisikiliza kwa adabu, halafu wataendelea kumwaga. Wewe ni wa kazi yao. Naomba uje uwafundishe."

Nilikuwa na ndoo iliyojaa mkononi. Niliitua kwanza. Mama alikuwa amesikia, akageuka. "Nitakuja," nikamwambia fundi, "na chupa zangu tano."