Pinboli Isiyopata Wenzake

Mashine ya pinboli haikuwa imechomekwa kwenye umeme, lakini Halina Baran, akimenya viazi jikoni, alisikia gololi ya chuma ikibingirika ndani yake, kule stoo ya chini.

"Ludwik! Unachezea nini huko?"

"Mimi niko hapa sebuleni, mke wangu," mumewe akajibu.

Ludwik alikuwa mbunifu wa pinboli, zile mashine za mchezo wa gololi za kwenye baa, katika kiwanda kimoja cha Chicago. Hii, yenye picha ya mwanamke wa nywele za moshi kwenye kioo, aliiunda iwe ya mfano. Wakubwa wakaijaribu, wakaikataa; ya pili haikutengenezwa. Kwa uchungu akaileta nyumbani.

Tangu hapo nyumba ikanuka nywele zilizoungua. Halina akakonda. Jumapili moja, wametoka kanisani, akafungua kinywa anywe supu, ikatoka sauti isiyo yake.

"Nyumba zangu ziko wapi?"

Ludwik akamkimbilia Doña Refugio, mganga wa Kimeksiko. Mama huyo akapitisha yai mwilini mwa Halina, akalivunja kwenye glasi. Likatoka jeusi.

"Mzee," akanong'ona, "uliahidi nini?"

"Nilikuwa nachora tu... nikaiambia ile picha itakaa kwenye kila baa ya nchi hii."

"Basi kuna aliyekusikia."

"Mtoe, mama, nakusihi!"

"Nimtoe aende wapi? Umempa nyumba moja, ile mashine, anadai zilizobaki."

Hapo Halina akashikwa koo na mikono isiyoonekana, macho yakamtoka, visigino vikapigapiga sakafu, na kule chini gololi ikaanza kukimbia, ikigonga huku na huku kwa kasi, hadi Ludwik akapiga magoti akilia, "Nitakujengea! Moja moja, kwa mikono yangu!"

Halina akavuta pumzi.

Ilipita miaka. Stoo ikajaa mashine, gereji ikajaa. Vidole vya Ludwik vikapinda kwa baridi yabisi, na asubuhi yoyote aliyochelewa kushika msumeno, Halina alianza kukabwa.

Jana Ludwik aliamka, msumeno hakuuona.

"Nimeuficha," Halina akasema kutoka jikoni. "Imetosha, mume wangu. Kaa na mimi."

"Halina, usinifanyie hivyo. Msumeno uko wapi?"

"Kaa."

Alipekua kabati, akapindua meza, akararua hata godoro. Aliporudi jikoni midomo ya mkewe ilikuwa ya bluu.

"Niambie, jamani! Niambie uko wapi!"

Halina akatikisa kichwa, akaishika ile mikono iliyopinda, asiiachie.