Chuo Tulichokubaliana

"Wakili wetu asimame tumwone!"

Mzee Wanyonyi aligonga chupa ya soda kwa kijiko. Uani kwake pale Kisian watu walikuwa wamejaa, na wote wakapiga makofi na vigelegele. Zuleha naye akapiga makofi, akiangaza macho kumtafuta huyo wakili. Alidhani ni binamu fulani aliyetoka Bungoma.

Aliyesimama alikuwa Wakoli.

Wakoli wake. Shati jeupe, tai nyekundu, kichwa chini kama bwana harusi.

"Nakhungu," Zuleha alimnong'oneza rafiki yake, "wakili gani?"

Nakhungu na Wakoli walikuwa watoto wa Mzee Wanyonyi, na Nakhungu alisoma darasa moja na Zuleha. Ndiye aliyemleta kwenye sherehe, bila kumwambia ni ya nini.

"Si kaka yangu! Ameitwa Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea sheria. Kwani hakukuambia?"

"Aliniambia barua yake ya chuo haijafika."

"Yawa! Barua ilifika kitambo. Mimi nilidhani wewe ndiye wa kwanza kujua. Nikasema nikulete, nimfanyie sapraizi."

Wakoli aliinua kichwa kuwashukuru wageni. Macho yake yakagongana na ya Zuleha. Akakatiza shukrani katikati.

"Endelea, wakili!" mtu akapiga kelele. Watu wakacheka.

Zuleha aliweka sahani ya wali chini ya kiti, taratibu, asije akaiangusha.

Walikuwa wamejuana tangu mwaka 1988, wote wawili wakiwa fomu wani. Yeye msichana wa mtaa wa Kaloleni, mtoto wa Bi. Safia muuza vitambaa. Baba yake alikuwa amekufa kwa kipindupindu, na tangu siku hiyo Zuleha alikuwa na neno moja tu: udaktari. Wakoli alisoma shule ya wavulana ng'ambo ya mji. Walikutana maktaba ya mji, mvulana akihangaika na hesabu hadi akavunja penseli.

"Umekosea mstari wa pili," Zuleha alimwambia.

"Na wewe nani amekuuliza?"

"Penseli yako."

Wakoli akacheka, akasogeza kiti. Kuanzia hapo kila Jumamosi ikawa yao. Zuleha alimfundisha hesabu na kemia. Wakoli alimsomea insha zake, na kijana alijua kuandika. Kufikia fomu ya pili, kila mtu pale maktaba alijua kiti cha dirishani ni cha wale wawili.

Lakini mapenzi yao hayakuweza kutoka nje ya ule mlango. Bi. Safia alikuwa amesema wazi:

"Mwanangu, mvulana si wa dini yetu. Usinitie aibu mbele ya watu wa msikiti."

Na Mzee Wanyonyi hakutaka kusikia habari ya mkwe asiyesali kanisani. Kwa hiyo chuo kikuu kikawa nchi yao ya ahadi.

"Tukifika chuo," Wakoli alikuwa akisema, "nani atatuuliza? Tutakuwa watu wazima. Tutakula mezani pamoja, tutatembea tumeshikana mikono, basi."

"Wewe pita tu mtihani."

"Nitapita. Si nina mwalimu?"

Walipofika fomu ya tatu, Wakoli akaja siku moja uso umemwanguka.

"Zule, nimefikiria. Wewe ukichagua udaktari utaitwa Nairobi. Mimi na hizi hesabu zangu Nairobi siipati hata kwa maombi. Tutaachana."

"Hatutaachana. Si kuna likizo?"

"Likizo! Wanaume wa Nairobi watangoja mimi nije likizo?" Akamshika mkono. "Tuchague ualimu, sote wawili. Chuo kimoja, Eldoret. Wewe kemia, mimi Kiswahili na historia. Tutafundisha shule moja, tutapewa nyumba moja. Ama unanipenda kwa mdomo tu?"

Zuleha hakulala vizuri wiki hiyo. Fomu za kuchagua kozi zilipoletwa shuleni mwaka uliofuata, mwalimu wake wa kemia, Mzee Oketch, alimwita ofisini.

"Zuleha, nimeona umeandika ualimu. Umekosea mstari?"

"Hapana, Mwalimu."

"Nimefundisha miaka mingi. Mtoto wa kuingia udaktari kwa miguu yake mwenyewe ni wewe. Nani amekuambia uandike hivi?"

"Hakuna. Nimependa mwenyewe."

Mzee Oketch alimtazama sana. "Haya, mama. Mungu akuangalie."

Jumamosi hiyo Wakoli alimuuliza, "Umeandika?"

"Nimeandika. Na wewe?"

"Nimeandika."

Ndivyo alivyosema. Na matokeo yalipotoka, Zuleha aliongoza shule nzima. Wakoli naye akapata alama ambazo hata baba yake hakuziamini, hesabu ikiwa ya kwanza kumbeba.

Sasa hapo Kisian, Zuleha alitoka uani akashika njia ya barabarani. Hakukimbia. Wakoli ndiye aliyekuja mbio, tai imemgeukia begani.

"Zule! Ngoja, nikueleze."

"Nieleze."

Akasimama. Wakoli akatafuta pa kuanzia.

"Ni baba. Alikuja shule siku ile ya fomu. Alitaka sheria. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia. Jumamosi nilikuuliza."

"Niliogopa. Na sikudhani nitaitwa, wallahi. Nilijua nitakosa tu, halafu nije huko Eldoret."

"Usiape kwa lugha ya kwetu." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Wakoli, siku uliyoniambia niache udaktari, ulikuwa unaogopa wanaume wa Nairobi kweli?"

Lori likapita likielekea Busia, vumbi likawafunika wote wawili.

"Nijibu. Nimekupa miaka minne, nipe jibu moja la kweli."

"Wavulana shuleni walikuwa wananicheka," akasema hatimaye. "Wanasema, utaoa daktari na wewe uwe mwalimu? Atakutuma sokoni. Mimi... nilitaka tuwe sawa, Zule."

"Tuwe sawa."

"Ndiyo."

"Halafu ulipopata ngazi, ukapanda peke yako."

"Si hivyo!"

"Ulinishusha, Wakoli. Ukanishusha nikushike mkono, halafu ukaniacha huko chini." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta. "Ungeniambia tu, 'Zule, nataka kuwa wakili.' Ningekufundisha hesabu hizo hizo. Ningefurahi. Wewe sheria, mimi udaktari, Nairobi hiyo hiyo uliyosema huipati. Umeona? Chuo kimoja! Ndicho tulichokuwa tunakitafuta!"

Wakoli alirudi nyuma hatua moja. Ni kama hilo hakuwahi kulifikiria hata siku moja.

"Nisamehe," alisema.

"Rudi kwa wageni wako. Wanakuita wakili."

Nyumbani Kaloleni, Bi. Safia alimkuta mwanawe amekaa sakafuni, kichwa kimeegemea kitanda. Zuleha alimweleza yote, hata zile Jumamosi alizokuwa amemficha tangu alipokatazwa. Alingoja kupigwa. Alingoja kuambiwa "nilikwambia."

Mama yake aliketi chini naye sakafuni.

"Kumbe uliacha udaktari kwa ajili yake?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikakukataza kwa sababu ya dini yake." Bi. Safia akatikisa kichwa. "Dini yake haikukufanya kitu, mwanangu. Laiti ningekuacha umlete hapa sebuleni, nimtazame machoni. Ungekuja kuniuliza kabla ya kuandika ile fomu."

"Ningekuja, mama."

"Basi na mimi nina sehemu yangu."

Wakalia wote wawili.

Kabla Zuleha hajaripoti chuoni, simu ilipigwa dukani kwa Salim, jirani yao. Salim akamwita Zuleha, akampa mkonga wa simu, kisha akajifanya kupanga sabuni.

"Zule, ni mimi. Niko Nairobi."

"Habari ya huko?"

"Si nzuri. Nakuona kila mahali. Sikiliza, mpango wetu bado upo. Nikimaliza tu nakuja kwa mama yako, mchana, mbele ya watu. Hata dini nitabadili."

"Mpango wetu ulikuwa nini, Wakoli? Hebu niambie, maana mimi nilidhani naujua."

"Unanipenda bado?" Wakoli akauliza.

Zuleha alifumba macho. "Nakupenda. Ndiyo maana nakuomba usipige tena."

Akaweka mkonga chini. Salim hakumtoza kitu.

Eldoret ilimpokea kwa baridi. Siku ya kwanza tu alikwenda kuuliza kama anaweza kuhamia udaktari kule Nairobi. Karani, mama mmoja mpole, alisoma alama zake mara mbili.

"Kwa alama hizi ungeitwa moja kwa moja, binti. Sasa nafasi za huko zimejaa. Kwa nini hukuandika?"

Zuleha alimshukuru, akatoka.

Bwenini alipangiwa chumba kimoja na Milka, msichana mcheshi wa Port Victoria, ambaye tayari alikuwa ametandika kitanda na kubandika picha ukutani.

"Karibu, dada! Mimi nimeletwa ualimu na alama zangu, sikuwa na ujanja. Lakini wewe nimesikia wakikutaja huko nje, eti una alama za daktari. Mbona ukachagua ualimu?"

Zuleha aliweka sanduku lake chini. Nje wavulana na wasichana walikuwa wakipita kwenda kula, wengine wameshikana mikono, na hakuna aliyewauliza kitu.

"Sikuchagua ualimu," alisema. "Nilichagua mtu."

Tabasamu la Milka likazimika. Akainuka, akafunga mlango, akaja kuketi kando yake, wala hakumuuliza ni nani.