Kito na Kipepeo

Cherehani ya Mama Pindo haikunyamaza tangu asubuhi. Binti yake mkubwa alikuwa anaolewa kesho. Gauni lilikuwa tayari, yamebaki maua ya kifuani tu.

Maua hayo yalikuwa kazi ya mdogo wa bibi harusi. Alikuwa anajifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha iitwayo Kito. Aliyaandika maua hayo kwa amri za Kito, na alipoyajaribu kwenye kompyuta, yalitokea mazuri ajabu. Lakini mashine ya kutarizi ilipopewa maandishi yale yale, iligoma. Kwenye kioo chake iliandika: "Duara sijui."

"Lugha hii mbovu!" binti mdogo alilia. "Mama, naiacha leo leo!"

"Nitatarizi kwa mkono, mwanangu." Mama Pindo alijikaza tu. Alijua hatamaliza kabla ya kesho, na roho ilimuuma.

Mara akaingia jirani yao, mwalimu wa kompyuta, kuchukua nguo yake ya kuvaa harusini.

"He! Hapa kuna harusi au mnagombana?" alitania. Wakamweleza. Akaitazama mashine, kisha akamgeukia binti. "Kompyuta yako inasoma Kito kwa programu gani?"

"Kwa Kito."

"Kito ni lugha. Nauliza programu inayoisoma na kuifanyia kazi."

Binti akakodoa macho. Mwalimu akamwambia mama yake, "Mama Pindo, ukichora mshono, mchoro unajishona wenyewe?"

"Thubutu! Lazima awepo fundi."

"Fundi akiharibu, utalaumu mchoro?"

"Namlaumu fundi, tena kwa jina lake!"

"Basi Kito ndio mchoro. Kwenye kompyuta, fundi ni programu iitwayo Asilia. Walioanzisha lugha ndio waliomtengeneza, awe mfano kwa mafundi wengine. Watu wengi humwita Kito, maana hawajui mwingine. Humu kwenye mashine kuna fundi mdogo, Kipepeo. Jina lake hili hapa, juu ya kioo. Anajua Kito, ila amri ya duara bado hajafundishwa."

"Kumbe lugha haina kosa!" binti alishangaa.

"Haina. Ukiomba msaada, taja lugha, halafu taja na programu. Usipotaja, utapewa dawa ya mgonjwa mwingine."

Binti akakaa kitako. Kila duara akaligeuza kuwa mistari mifupi iliyonyooka, mingi, iliyofuatana kwa kuzunguka. Mistari Kipepeo aliijua vizuri. Mashine ikaanza, ta-ta-ta-ta! Ua la kwanza likatokea, likafuata la pili. Mama Pindo alimkumbatia mwanawe, akamkumbatia mwalimu, nusura aikumbatie na mashine.

Kesho yake bibi harusi alipendeza mno. Wageni walimzunguka.

"Jamani, maua haya kashona nani?"

"Mwanangu mdogo ameyaandika kwa Kito," Mama Pindo alijibu kwa maringo, "na Kipepeo ndiye aliyeyashona. Tafadhali, msiwachanganye!"

Wageni walitazamana, hawakuelewa hata neno moja. Binti yake mdogo alielewa yote, akacheka mpaka machozi yakamtoka.