Laptopu ya Wazazi wa Bi Sindano

Bi Sindano ni mshonaji. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya ulimi wake. Sindano zake huchoma nguo, maneno yake huchoma watu. Lakini gauni akilishona yeye, hulipeleki kwa mwingine kurekebishwa.

Duka lake limepakana na chumba cha fundi wa kompyuta, mama mmoja mpole mwenye miwani. Ukuta kati yao ni wa mbao tu. Mmoja akipiga chafya, mwingine husema "afya" bila kuinua kichwa. Wanaitana fundi mwenzangu.

Asubuhi moja Bi Sindano aliingia kwa jirani yake na karatasi ya tangazo mkononi.

"Fundi mwenzangu, hebu nitazamie hii. Laptopu ya wazazi imekufa. Nataka kuwanunulia hii, tena leo leo. Nyembamba kama sahani! Muuzaji anasema ndiyo ya kisasa kabisa."

"Wataifanyia nini?"

"Kuongea na mdogo wangu. Si unajua anafanya kazi ng'ambo? Anapiga kila Jumapili." Bi Sindano akashusha pumzi. "Ila ni mama tu anayeongea naye. Baba simu ikiita, anatoka nje. Mwaka mzima sasa! Amemnunia mtoto kwa sababu aliondoka. Labda akipata kitu kizuri, roho yake italainika."

Fundi akaikunja ile karatasi.

"Mteja akija kwako, unakata kitambaa kwanza au unampima kwanza?"

"Swali gani hilo! Napima."

"Na wazazi umewapima?"

Bi Sindano, bingwa wa maneno, akavuta kigoda, akakaa.

"Nenda ukakae nao," fundi alisema. "Usiulize tu. Wazee wetu ukiwauliza watakwambia chochote kinafaa. Watazame. Wanaona vipi? Vidole vyao vinabonyeza vipi? Masikio je? Halafu urudi."

Jumapili Bi Sindano alikwenda. Alichukua laptopu yake ndogo ya dukani, akaiweka mezani. Mama alijaribu kuandika jina lake. Vibonye vilikuwa vidogo, vimebanana, kwa hiyo kila kidole kikaleta herufi mbili. Baba aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Haya maandishi ni ya sisimizi?" aliuliza.

Wakacheka. Bi Sindano akaingia chini ya meza kuchomeka waya wa umeme. Akiwa huko akasema, "Baba, nisogezee kiti." Kimya. Akatoa kichwa, akarudia. Baba akasogeza kiti mara moja.

Bi Sindano akashtuka. Akageuka, akampa mgongo. "Baba, chai imepoa."

Kimya tena.

Hapo simu ikaita kwenye laptopu. Sura ya mdogo wake ikatokea kwenye kioo, ndogo, yenye giza, inakatakata. Baba akaitazama kidogo, kisha akainuka taratibu.

"Nakwenda kuangalia mlango wa uani," alisema. Mlango huo ulikuwa umefungwa tangu asubuhi.

Bi Sindano akamfuata, akasimama mbele yake. "Baba, husikii?"

Mzee akatazama chini. "Mtu akiwa mbele yangu nafuata mdomo wake. Kwenye simu siwezi. Mara mbili mdogo wako aliniuliza jambo, nikajibu jingine. Akacheka. Mtoto hana kosa. Lakini mimi ni baba yake. Afadhali adhani nina hasira, kuliko ajue nimekwisha."

Bi Sindano aliona aibu. Mwaka mzima alikuwa akimsema baba yake kwa watu.

Kesho yake alimweleza jirani yake kila kitu. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwanza mpeleke akapimwe masikio. Kompyuta si daktari," alisema. "Sasa laptopu. Wembamba wa nini, na haitatoka mezani? Chukua yenye kioo kipana, aone midomo vizuri. Vibonye viwe na nafasi. Sauti na kamera mzijaribu pale pale dukani."

"Na ndani yake?"

"Kumbukumbu ya gigabaiti nane inawatosha. Diski iwe SSD, ile isiyozunguka. Zile za zamani huwaka polepole, na mzee akingoja sana atadhani ameiharibu yeye. Dai dhamana ya maandishi. Tena usiende peke yako. Nani anamjaribishia mwenzake kiatu?"

Wakaenda watatu, yeye na wazazi wake. Muuzaji aliongea na Bi Sindano tu, kana kwamba wazee hawapo.

"Ongea na wenyewe," Bi Sindano alimchoma. "Mimi ni dereva tu."

Baba alikaa mbele ya laptopu tatu, akasoma kwa sauti. Akachagua moja nene, nyeusi, yenye kioo kikubwa.

"Hiyo ni nzito, mzee," muuzaji alisema.

"Sitaibeba kichwani, bwana."

Fundi alikuja nyumbani kuiandaa. Alikuza maandishi. Alikitoa kisanduku cha intaneti nyuma ya kabati, akakiweka karibu na meza, na picha ikaacha kukatakata. Kisha akawaambia wazee, "Mtu akipiga simu akitaka neno lenu la siri, kateni. Hata akisema ni mimi."

Daktari alikuwa ameshampima baba na kuagiza kifaa cha kusikia, lakini kilikuwa bado hakijafika. Kwa hiyo Jumapili simu ilipoita, baba alisimama kama kawaida yake. Mama akamshika mkono. Akakaa.

Uso wa mwanawe ukajaa kioo kizima.

"Sogea kwenye mwanga," baba alisema. "Nione unachosema."

Kijana akasogea. Kisha akasema polepole, "Baba, nilidhani umenikasirikia."

Mzee aliufuata mdomo ule mpaka neno la mwisho.

"Sikukukasirikia, mwanangu. Nilikuwa sikusikii."

Mama alijifuta macho. Baba akavuta kiti mpaka kifua kikagusa meza.

"Haya," alisema. "Nisimulie tangu mwanzo. Ya mwaka mzima."