Kadi ya Picha za Dorcas

Kila siku kengele ya kutoka shuleni ikilia, wenzangu hukimbilia uwanjani na mimi hukimbilia studio. Studio ya baba mdogo Saady ipo karibu na soko hapa Kasulu: chumba kimoja, pazia la bluu la picha za paspoti, viti viwili, kompyuta moja, na kamera ninayoipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukigusa. Nafagia, nafuta vumbi jekundu mlangoni, kisha nachukua kitambaa laini na kupangusa lenzi taratibu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Nina miaka kumi na mitatu, na katika kupangusa lenzi simwogopi mtu.

Wapo wanaonicheka. Kaka Badru, mtoto mkubwa wa baba mdogo, ndiye kinara wao.

"Safina, kamera si kazi ya wasichana. Itakuvunja shingo bure."

"Shingo ni yangu, kaka. Wewe inakuuma wapi?"

Hucheka na kwenda zake. Stendi yangu ya kwanza ya kamera niliifunga mwenyewe kwa miti mitatu na mpira wa baiskeli. Ilianguka mara nne. Mara ya tano ilisimama, na tangu siku hiyo sijamwomba mtu ruhusa ya kuipenda kazi hii.

Studio yetu ina sheria moja ambayo baba mdogo haifanyii mzaha. Memori kadi zetu mbili hukaa kwenye kikopo cha majani ya chai. Kadi tupu hulazwa chali. Kadi yenye picha za wateja ambazo bado hazijahamishiwa kwenye kompyuta hulazwa kifudifudi, na hiyo haiguswi bila kumwuliza yeye. Sheria hiyo naijua tangu nikiwa darasa la tatu, kwa hiyo sitajitetea.

Jumamosi moja baba mdogo alipiga picha kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi mtarajiwa Dorcas, binti wa mama Theodosia anayeuza vitenge jirani yetu. Mama Theodosia alikuja Tanzania akiwa mtoto mdogo, na sasa ni raia wa hapa. Mama yake mzazi, bibi Mpawenimana, alirudi Burundi miaka mingi iliyopita, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kumtembelea. Ana miaka themanini na moja. Alipoinuka kumbariki mjukuu wake, mshereheshaji aliamuru simu zote zishushwe, kwa sababu si heshima kumwinulia mzee simu usoni. Watu walishusha. Bibi alivua kitenge chake mwenyewe akamfunga Dorcas begani, na hema zima likalia. Mimi nilikuwa nimeshika taa, na machozi yalinitoka bila aibu. Kamera iliyopiga tukio lile ilikuwa moja tu, ya baba mdogo.

Kwa kawaida picha za Jumamosi huhamishwa Jumapili. Jumatatu asubuhi bibi alirudi kwao. Jumanne nilikuta soko limemwagikiwa na ule mwanga wa saa kumi na moja unaofanya hata chupa za mawese ziwake, nikaona nikiukosa nitalia. Ruhusa ya kutumia kamera ninayo. Lakini kadi tupu alikuwa nayo kaka Badru, aliyekwenda na kamera ya kuazima kupiga picha za paspoti kwenye shule moja. Kwenye kikopo ilibaki moja, imelala kifudifudi.

Nilijiambia kuwa umeme uliokatika Jumapili huenda ulirudi usiku, baba mdogo akahamisha picha akasahau kuigeuza kadi. Sikumwuliza. Nikaichomeka kwenye kamera, nikaifomati, yaani nikafuta vyote vilivyokuwamo, nikatoka mbio. Nilipiga picha tatu za mama mmoja akimimina mawese kwenye chupa, halafu mvua ikaanza na nikarudi.

Nilimkuta kaka Badru peke yake, amesharudi, akiwasha kompyuta.

"Afadhali umeme umerudi," alisema. "Tangu Jumapili hatujahamisha picha hata moja za Dorcas. Kadi yake iko wapi?"

Nilifungua kamera, nikaitoa kadi na kumweleza yote. Kaka Badru alikunja uso, akafunga mlango.

"Sikiliza, mdogo wangu. Lete hapa niivunje. Tutasema iliangushwa wakati wa kukunja hema, ikakanyagwa. Kadi zinakufa kila siku, bwana. Hakuna atakayekuuliza."

"Hata wasiponiuliza, mimi najua."

"Mzee akijua, hutaishika hiyo kamera tena maisha yako yote! Unalitaka hilo?"

Hapo aliponigusa ndipo penye kidonda. Sikulitaka. Nilitamani sana kumpa ile kadi, nasema kweli, na mkono wangu ulishaanza kwenda. Kisha nikamkumbuka bibi yule akihangaika kulifungua fundo la kitenge chake kwa vidole vinavyotetemeka, nikapandwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe. Niliitia kadi kwenye mfuko wa shati la shule, nikafunga kifungo.

"Siitoi," nilisema. "Nimeifuta mimi, nitasema mimi."

Baba mdogo aliporudi nilimwambia kabla hajavua koti la mvua. Hakunipiga wala hakufoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia la bluu, kama mtu aliyekuja kupiga paspoti, akanitazama mpaka nikatamani afoke.

"Baada ya kuifuta umepiga picha ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Tatu."

Alimpigia simu fundi Harerimana wa Kibondo, anayetengeneza kompyuta. Fundi alisema picha zilizofutwa mara nyingi bado zimo ndani ya kadi, mradi hazijafunikwa na picha nyingine. Kadi isirudishwe kwenye kamera, na apelekewe ilivyo.

"Tutakwenda Jumamosi," baba mdogo alisema. "Na Theodosia asiambiwe kwanza. Zikipatikana, mambo yamekwisha. Jina la studio hii nimelijenga miaka kumi na sita."

"Baba mdogo, mimi nitamwambia."

"Safina!"

"Jana alinisimamisha njiani, akaniuliza picha ya mama yake itakuwa tayari lini. Kesho nitapita pale pale. Nimwambie nini?"

Sijawahi kumjibu baba mdogo namna ile. Lakini sikuinamisha macho. Alifungua mwavuli.

"Twende wote," alisema.

Mama Theodosia alitusikiliza akiwa amesimama katikati ya vitenge vyake. Dorcas alijifunika uso kwa mikono, akalia. Maneno yangu ya kuomba radhi yalionekana madogo mno.

"Nani atamvusha tena mama yangu mpaka hapa?" mama Theodosia aliuliza. "Miguu ile? Nilimwambia nitamtumia picha aiweke ukutani." Alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. "Nendeni Kibondo. Sina la kuwaambia leo."

Siku nne zile zilikuwa ndefu. Kila nilipopita dukani kwake nilimwamkia, naye aliitikia bila kuinua kichwa. Ningeweza kuzungukia njia ya nyuma. Sikuzunguka.

Jumamosi tulipanda basi la asubuhi. Fundi Harerimana aliichomeka kadi kwenye kompyuta yake, akabonyeza huku na kule, tukangoja. Ilichukua zaidi ya saa mbili. Picha zilianza kutokea moja moja: hema, ngoma, keki, Dorcas akicheka. Kisha akatokea bibi Mpawenimana, mikono yake miwili begani kwa Dorcas, kitenge kimefungwa nusu. Nililia mbele ya watu wazima na sikujali.

Picha za mwanzo tu ndizo zilizopotea, zile zilizofunikwa na mawese yangu. Zilikuwa za mjomba wa Dorcas akiingia na suti mpya. Mpaka leo mjomba yule akiniona hunyoosha kola ya shati lake na kuniuliza kama suti yake haikunivutia.

Jumapili mama Theodosia na Dorcas walikuja studio. Baba mdogo aliwapa picha ya bibi, kubwa, ndani ya fremu. Mama Theodosia aliishika kwa mikono miwili, akampapasa mama yake shavuni juu ya kioo.

"Huyu nimemfungia kamera mwezi mzima," baba mdogo alisema akinionyesha. "Alivunja sheria ya kazi, na adhabu iko pale pale."

"Sawa," nilisema. "Lakini mwezi ukiisha nitakuwa hapa asubuhi na mapema."

Kaka Badru, aliyekuwa kwenye kona, alikohoa. "Mama, mimi nilimwambia aivunje ile kadi tuseme imekanyagwa," alisema huku akitazama sakafu. "Alikataa."

Mama Theodosia aliiweka picha mezani, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Harusi ya mpwa wangu huko Muyama ni baada ya wiki sita. Adhabu itakuwa imekwisha?"

"Itakuwa imekwisha," nilijibu kabla baba mdogo hajafungua mdomo.

"Basi utakuja kusaidia kupiga." Alimgeukia kaka Badru. "Mwanangu, uongo ule ungetaka kadi ivunjwe ndipo usimame, na picha ya mama yangu ingepotea pamoja nayo. Kwa kuwa mdogo wako alisema kweli siku ile ile, kitu cha kuokoa kilikuwa bado kipo." Kisha akaniwekea mkono kichwani. "Mwana wanje, mwanangu, anayepiga picha asiharibu hata moja bado sijamwona. Kwenye shughuli yangu namtaka yule ambaye akiharibu, atakuja kuniambia yeye mwenyewe kabla sijamwuliza."