Mlinzi Usikose Maji

Kila jioni akitoka shule, Zaitun alivua sare, akala ugali uliobaki na kipande cha samaki mgebuka, kisha akabeba ndoo kwenda bombani. Alikuwa darasa la sita, binti wa mtaa wa Kasingirima aliyejua kila njia inayoshuka ziwani. Kilichomponza ni kujiona anajua Kiswahili kuliko mtaa mzima. Hasa alipenda kumcheka jirani yao, Bibi Ndayikunda, mzaliwa wa Burundi, ambaye Kiswahili chake kilichanganyika na Kirundi. Alimcheka kichinichini, lakini alimcheka.

Bibi aliishi peke yake tangu mumewe, Mzee Egide, alipofariki. Kando ya lango lake palikuwa na mti mfupi kama kichaka, wenye miiba na gome nene. Wakati wa kiangazi mti wa namna hiyo hupukutisha majani yote, kisha huchanua maua mekundu juu ya matawi matupu. Mzee Egide ndiye aliyepanda wa kwanza, nao ulikatwa barabara ilipopanuliwa. Bibi aliokoa tawi moja tu. Aliliacha kivulini mpaka palipokatwa pakauka, akalichomeka kwenye udongo wa kichanga penye jua la kutosha, nalo likashika. Kiangazi hiki lilikuwa limetoa vitumba kwa mara ya kwanza. Zaitun aliuita mti wa miiba, basi.

Bibi alipoambiwa aende hospitali kufanyiwa upasuaji wa tumbo, alimwita Zaitun.

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa Kirundi, akielekeza kidevu upande wa lango, "mlinzi wangu usikose maji. Kopo moja jioni, usizidishe."

Zaitun aliitikia huku akiuma midomo asicheke. Mlinzi ni mtu, na mtu ni asikose, si usikose; mwalimu wao angelipiga mstari kosa hilo kwa kalamu nyekundu. Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la Bibi, palikuwa na stoo ya nyavu, na mlinzi wake alikuwa Mzee Dismasi, ambaye Bibi alizoea kumpelekea chai. Zaitun aliona jambo liko wazi kabisa. Hakuuliza.

Basi kila jioni alimpelekea Mzee Dismasi kopo la maji ya mtungini. Mzee alikunywa, akafuta ndevu na kumtakia baraka. Zaitun alirudi nyumbani kifua mbele, akimwambia mama yake kwamba kazi ya Bibi haijalala hata siku moja. Wakati huo jua lilikuwa linachoma hadi udongo wa lango ukapasuka.

Siku moja Bibi alipiga simu kwa mama yake Zaitun, akaomba azungumze na mtoto. Sauti yake ilikuwa dhaifu. Alisema upasuaji umekwenda vizuri, ila siku hazisogei, na jambo linalompa nguvu ni moja.

"Vipi mlinzi wangu," aliuliza, "umechanua?"

Zaitun alibaki na simu sikioni. Watu hawachanui. Aligeuka kutazama lango la jirani, na hapo ndipo alipouona ule mti kwa mara ya kwanza tangu Bibi aondoke. Vitumba vilikuwa vimesinyaa na kuwa vyeusi, na matawi yamekunjamana.

"Umechanua, Bibi," alisikia mdomo wake ukisema. "Una maua mekundu kabisa."

Bibi alimshukuru Mungu, akasema atajitahidi apone haraka aje kuuona.

Tangu hapo Zaitun alimwaga maji kwenye ule mti asubuhi na jioni, lakini vitumba vilidondoka kimoja kimoja. Aliogopa kumwambia mama, na aliogopa zaidi kumfikiria Bibi akishuka langoni na kuona tawi la mwisho la mti wa mumewe likiwa kuni. Habari zilipokuja kwamba Bibi anarudi kesho yake, Zaitun alichuma maua mekundu kwenye uzio wa jirani mwingine, akayafunga kwa uzi juu ya matawi makavu. Kwa mbali yalidanganya. Kufikia asubuhi yalikuwa yamelegea yakining'inia kama vitambaa, na Zaitun aliona aibu hata kuyatazama. Akayafungua yote, akaketi langoni kusubiri.

Bajaji ilipofika, Bibi alishuka akiwa ameshika tumbo. Zaitun alimwamkia, kisha machozi yakamtangulia.

"Bibi, nilikudanganya. Mti haukuchanua. Sikuumwagilia, umekauka."

Bibi aliusogelea mti, akagusa tawi moja kavu. Kisha akauliza, kama mlinzi hakupata maji, yale maji ya kila jioni ambayo mama yake Zaitun aliyasifia kwenye simu yalikuwa yanakwenda wapi.

"Kwa Mzee Dismasi," alijibu Zaitun.

Bibi alianza kucheka, akashika tumbo kwa maumivu, akashindwa kujizuia. Kisha uso wake ukatulia.

"Kwetu mti huu tunauita umurinzi," alisema. "Mimi nilisema kwa Kirundi, wewe ukasikia kwa Kiswahili. Hilo kosa tuligawane. Lakini kwenye simu ulinielewa, ukanidanganya. Nililala hospitali nikiyaona maua ambayo hayapo."

Maneno hayo yalimchoma Zaitun kuliko fimbo. Akaomba radhi.

Bibi aliomba kisu. Aliinama taratibu, akakwangua gome karibu na ardhi. Chini ya ukavu palionekana rangi ya kijani. Akamwagiza Zaitun akate matawi yote makavu mpaka penye ubichi, na asiufurikishe mti kwa maji, maana mizizi ingeoza.

"Huu ni mgumu kufa," alisema Bibi. "Sikiliza, mwana wanje. Neno usilolielewa, uliza, hata kama aliyelisema unamwona hajui. Na ukikosea, sema mapema, wakati gome bado lina ubichi."

Zaitun aliinamisha kichwa. Kumbe siku zote Bibi alijua kwamba anachekwa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, dada yake Bibi alipiga simu kutoka Simbo kuulizia mlinzi. Bibi alimpa Zaitun simu.

"Mwambie wewe," alisema.

Zaitun alichuchumaa kando ya mti, akautazama vizuri kabla ya kujibu.

"Shikamoo, Bibi. Mwaka huu haukuchanua, sikuumwagilia maji. Lakini una majani matatu."