Lugha Isiyo na Wenyewe

Katika mtaa wa Shituru, harufu ya asidi ya kiwanda haina adabu. Inaingia kwenye sukari, kwenye shuka, hata kwenye nguo ya komunyo iliyofungiwa sandukuni. Ndiyo maana Jumamosi ile, saa saba mchana, Constantin alipoingia chumba cha binti yake asiisikie, alisimama mlangoni akavuta pumzi mara ya pili. Hakuna. Hewa ilikuwa tupu, kama ya mahali ambapo hajawahi kupumua mtu.

Angèle, mwenye miaka sita, alikuwa amelala kifudifudi sakafuni akiongea na uvungu wa kitanda. Alikuwa anaongea Kivoru.

Siku nyingine Constantin angecheka, maana Kivoru kilikuwa mchezo wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa sinema katika ukumbi wa wafanyakazi: filamu ikija na Kifaransa chake, yeye hukaa kando ya pazia na kipaza sauti, akawaambia watu kwa Kiswahili nani anampenda nani na nani atapigwa. Hodari kweli, lakini mtiaji chumvi. Mtu wa filamu akisema neno moja, Constantin humpa kumi. Kwake kimya kilikuwa aibu. Ikaja filamu ya Wavoru, viumbe wa nyota wenye manyoya na macho matatu, kisha ya pili, kisha ya tatu, na lugha yao haikutafsiriwa hata kwa Kifaransa. Ilikuwa na maneno kama thelathini tu, yaliyotungwa huko zilikotengenezwa filamu. Constantin akaona ni machache. Akaongeza mia, akaongeza mia tatu, ya kula, ya kulala, ya kuita mtu, akamfundisha Angèle, na baba na mwana wakawa wanapiga soga mezani mama mtu akikodoa macho. Mchezo mtamu huo.

Lakini sasa uvungu ulijibu.

Sauti ilikuwa kavu, ya chini, ya mtu anayejifunza kutumia ulimi. Ilisema maneno ambayo Constantin hakuyatunga, na kilichompiga baridi ni kwamba aliyaelewa yote. "Huyo mlangoni," iliuliza, "ndiye aliyenipa maneno?"

Alimnyakua mtoto akakimbilia naye jikoni.

"Marceline! Iko kintu mu chumba ya mutoto!"

Mkewe aliacha mwiko ndani ya ugali wa bukari. Hakushtuka, machozi yalikuwa tayari. "Minye nilikuambia tangu juzi," alinong'ona. "Siku tano hajaniita maman. Namuambia kula, ananijibu na ile luga yenu ya sinema. Constantin, mutoto yangu anapotea, na njo weye ulianza."

Constantin akaenda kufunga mlango wa chumba kile.

Jumapili baada ya misa walimwendea Mwalimu Idi, muuza vitambaa aliyejulikana pia kwa kupunga majini, ambaye babu yake alitoka Kasongo na Korani yake kifuani. Padri hakuambiwa, mfa maji haulizi kamba ni ya nani. Saa tisa Mwalimu alikuja, akafukiza ubani, akasoma. Angèle aliketi mkekani na kumtazama tu. Kila aya ilipokwisha, sauti ile kavu ilijibu, na safari hii haikutoka uvunguni. Ilitoka kinywani mwa mtoto.

Mwalimu alifunga kitabu. "Huyu jini hasikie luga yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Bajini bengine banajua Kiarabu, bengine Kiluba. Huyu alikuwa bubu. Pengine alikaa mu hii nyumba tangu zamani, hana kinywa, hana shida na muntu. Weye ukafanya luga yenye haina benyewe. Yee akaichukua."

"Sasa tufanye nini, Mwalimu?"

"Jini anafukuzwa na luga yake. Minye nitasema, weye utageuza mu ile luga. Lakini sikia muzuri, papa Constantin. Hapa si sinema. Neno yenye nitasema, njo ile utasema. Usiongeze kintu."

"Sitaongeza," Constantin akaapa kwa jina la Bikira.

"Basi umuambie: hauna nafasi hapa. Toka."

Constantin akafungua kinywa akayasema hayo kwa Kivoru kama yalivyo, hauna nafasi hapa, toka, na chumba kikanyamaza, moshi wa ubani ukasimama hewani bila kwenda kokote, redio ya jirani ikakatika, Angèle akaanza kukaza shingo na midomo yake ikageuka bluu, Marceline akimshika viganja na kumwomba Maria kwa pumzi tu, na kile kimya kikazidi, kikazidi, kila mtu akisubiri, na Constantin, aliyeziba kila kimya cha ukumbi wake kwa miaka kumi na minane, akamwona mwanawe anakufa mbele yake na hofu ikamshinda, akaongeza. Aliongeza kidogo tu, sifa, kama anavyowasifu wafalme wa filamu: "Ewe mkubwa, kinywa cha mtoto ni kidogo mno, hakikutoshi."

Sauti ilicheka. "Kweli," ilisema. "Hakinitoshi."

"Umemuambia nini?" Mwalimu Idi aliuliza haraka.

"Ile ulisema."

Angèle akakohoa mara tatu. Rangi ikamrudia midomoni. Aligeuka akamtazama mama yake kama aliyetoka usingizini.

"Maman, minye iko na njaa."

Marceline alipiga yowe, akamkumbatia, akacheka na kulia pamoja. Mwalimu alijifuta jasho akamshukuru Mungu. Mtoto amepona! Angèle akajichomoa mikononi mwa mama, akamwendea baba yake.

"Papa, unibebe."

Constantin alinyoosha mikono. Alitaka kusema njoo, mwanangu, njoo, na maneno yote yalikuwepo kichwani, ya Kiswahili, ya Kifaransa, ya Kiluba cha mama yake, lakini ulimi ulijigeuza wenyewe, na iliyotoka ilikuwa ile sauti kavu. Mtoto akasimama. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, akashika kitenge cha mama yake.

"Maman," alinong'ona, "papa anasema nini?"

Marceline alimtazama Mwalimu, na Mwalimu akatazama mkeka. Hakuna aliyeelewa mle ndani, hata Angèle, ambaye Kivoru kilikuwa kimemtoka pamoja na ile sauti, isipokuwa Constantin peke yake, ambaye alikuwa anakisikia kinywa chake kikirudia polepole, kwa raha: "Hiki kinatosha."